Mzee Kalinga Alikwenda Stendi

Mwanangu Atupele,

Natumaini u mzima, maana nimekuona saa moja tu iliyopita umelikalia begi lako ili zipu ifunge, huku mama yako akikuvuta mkono muwahi kumuaga bibi yako kabla mvua haijaanza. Mlipoondoka nikazima mashine, nikafunga mlango, nikaandika ubaoni kwa chaki "Leo hatukoboi." Wateja wawili wameshapiga simu kuuliza nani amefariki. Nimewaambia hajafa mtu, binti yangu anakwenda Iringa kesho. Mmoja akasema, "Sasa hiyo ndo ya kufungia mashine?" Nikamwambia ndiyo, hiyo ndo ya kufungia mashine.

Nina furaha mpaka nimechana karatasi mbili. Ya kwanza niliimwagia chai, ya pili mwandiko ulikimbia nikashindwa kuusoma mwenyewe. Hii ni ya tatu, nimejituliza.

Habari za sweta, za kula asubuhi na za kutomwachia mtu begi lako, mama yako ameshazisema, na kesho atazisema tena akiwa ameshika dirisha la basi mpaka dereva amwombe aachie. Mimi nina mambo mawili tu. Moja ni kisa ambacho sijawahi kukusimulia. La pili ni neno nililolisema Jumapili tukiwa mezani, ambalo nataka kulirudisha. Naanza na kisa, kwa sababu bila hicho hutaelewa kwa nini lile neno limeninyima raha wiki nzima.

Unakumbuka siku barua pepe ya chuo ilipoingia. Ulikuja mashineni umekunja uso kama mtu aliyefiwa na kuku. Nikakupigia kelele juu ya mlio wa mashine, "Wamesemaje?" Ukasema, "Hawajasema kitu." Nikazima mashine, wateja wakanuna, ukanisomea. Wameandika kwamba wamepokea fomu zako, kwamba mafunzo ya ufundi wa vifaa vya hospitali yanaanza Jumatatu, na kwamba mtu aje na blanketi lake. Kisha mwisho: "We look forward to having you with us."

"Baba, hapo hawajasema kama nimepata," ukasema. "Acha nisubiri waandike vizuri."

"Hebu soma tena huo mstari wa mwisho."

"Ah, huo si ndo wanavyomaliziaga tu? Kama wako mtiifu."

Atupele, nilihisi mtu amenimwagia maji ya mfereji mgongoni. Ndiyo maana nilikufokea upige simu palepale, nikakukataza hata kutafuta mahali penye kivuli. Yule mama wa ofisini akapokea, ukajitambulisha kwa sauti ya kuomba radhi, na sote tukamsikia akicheka. "We Atupele, mbona tumeshakuwekea kitanda? Nimekuwekea cha chini, cha juu kinalia." Ukapiga ukelele. Wateja waliokuwa wamenuna wakapiga makofi, mama mmoja akaangusha ungo wake. Uliponitafuta ukanikuta nyuma ya mashine nafuta macho, nikakwambia ni pumba.

Haikuwa pumba.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Madibira, na pale kwetu nilikuwa mtu mkubwa kuliko ninavyoonekana sasa. Waliofika kidato hicho tulikuwa wachache, na aliyeandika Kiingereza bila kulia nilikuwa mimi tu. Watu wakaniita Karani. Jioni wakitoka kwenye mpunga, miguu bado ina tope, walikuja kwa baba yangu na karatasi zilizochanwa kwenye madaftari ya watoto: Karani, niandikie ya kazi. Karani, niandikie ya kumwombea mtoto nafasi ya shule. Nikaandika. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa ametuachia mfano mmoja wa barua ubaoni, nami niliunakili, na ule mfano ulinilisha heshima miaka miwili. Mwisho wake ulikuwa na mstari mmoja unaoteleza kama samli: "Looking forward to hearing from you."

Niliupenda mstari ule, mwanangu! Niliuweka kila mahali. Jamaa alikuja kuandika barua ya posa, ya Kiswahili kitupu, nami nikaumalizia hapo chini kwa Kiingereza ili wakwe wajue anayeoa ni mtu wa maana. Mtaalamu mmoja wa mifereji, mgeni kutoka ng'ambo, alifiwa na baba yake, na kamati ya wakulima ikanituma niandike rambirambi. Nikaandika tumesikitika sana kwa kifo cha baba yako. Halafu nikaweka pale chini kwamba tunangoja kwa hamu kusikia kutoka kwako. Sijui yule bwana alielewaje. Hata barua yangu ya kwanza kwa mama yako niliimalizia hivyohivyo, na mama yako, ambaye Kiingereza alikuwa amekiacha shuleni pamoja na fagio lake, alimpelekea dada yake amsomee ajue kama ametukanwa.

Kwangu mimi mstari ule ulikuwa kitufe cha mwisho cha shati. Unakifunga, shati linakaa vizuri, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba anayeuandika anakuwa amesema jambo.

Miaka hiyo nilikuwa na ndoto moja tu. Nilitaka kuwa fundi wa injini. Injini ya pampu ikiharibika mimi ndiye niliyekaa karibu kuliko wote, nanusa mafuta. Nikasikia Iringa kuna karakana ya misheni, na fundi mkuu wake, mzee Kalinga, anachukua vijana wachache kila mwaka, anawafundisha kama wanawe. Nikamwandikia. Nilitumia karatasi nzuri na mwandiko wa kulala, na chini nikaweka mstari wangu, kama kawaida.

Akajibu! Barua ilipitia sanduku la kanisa, mchungaji akanikabidhi baada ya ibada mbele ya watu wote. Nikaisoma nimesimama, sauti juu, kwa sababu watu walitaka kusikia Kiingereza. Mzee alisema amepokea barua yangu na anashukuru. Akasema karakana itafunguliwa Jumatatu baada ya Pasaka. Akamalizia: "I look forward to seeing you." Jina, sahihi, mwisho.

Watu wakauliza, "Karani, umepata?" Nikakunja barua taratibu, nikawajibu kwa sauti ya mtu anayejua mambo ya ofisi: "Bado. Hapa wamekiri kupokea tu. Watatoa majibu." Kijana mmoja aliyekuwa nyuma akasema, "Lakini si kama anasema anakungoja?" Nikacheka. Nikamweleza mbele ya kanisa zima kwamba hiyo ni adabu ya Kiingereza, barua zote huishia hivyo, mimi mwenyewe nimeiandika mara mia.

Nikangoja majibu. Pasaka ikapita, Jumatatu ikapita, nikawa nakwenda kwa mchungaji kila baada ya siku mbili kuuliza kama kuna barua. Ningeweza kumuuliza mwalimu. Ningeweza kumpa mchungaji aisome yeye. Lakini mimi ndiye niliyekuwa naulizwa na watu, sasa nikamuulize nani? Hapo ndipo nilipokosea, Atupele, na sijawahi kulisema mahali popote. Kiingereza changu kilitosha. Kilichoniponza ni kiburi, na chini ya kiburi kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikitambua baada ya miaka: sikuamini kwamba mzee wa Iringa, mtu mwenye karakana na sahihi, anaweza kuwa ananingoja mimi, kijana wa mpunga wa Madibira. Ningeambiwa nimekataliwa ningeelewa mara moja.

Mpunga ulipovunwa nikapanda lori la mchele lililokuwa linapita Mafinga kwenda Iringa. Wakati wanashusha mzigo nikapanda kilima mpaka karakana, nikiwa na barua mfukoni, nikauliza kwa heshima majibu yatatoka lini. Mzee Kalinga alikuwa anafua kipande cha chuma. Mfupi, ana miwani iliyofungwa waya.

"Kamwene," akanisalimu. "Wewe nani vile?"

Nikataja jina. Akaweka nyundo chini.

"Ndo wewe wa Madibira?"

"Ndiyo, shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona nilikuja kukupokea?" Hakukasirika, ndicho kilichoniumiza. Alikuwa kama anauliza kweli apate kujua. "Nilikwenda stendi siku ile. Mvua ilikuwa inanyesha, nikasema huyu mtoto ni mgeni, hajui njia ya kuja huku juu, atalowa. Nikachukua mwavuli wa pili. Nikangoja basi la kwanza, nikangoja la pili. La tatu lilipoingia nikasema labda anaumwa."

Akanipeleka ndani akanionyesha msumari ukutani. Ovaroli yangu ilikuwa imening'inia pale wiki tatu, jina langu limeandikwa kwa rangi kwenye ukosi, mpaka ilipobidi nafasi apewe mwingine. Yule mwingine alikuwa palepale amelala chini ya injini, miguu tu inaonekana, na ovaroli ilikuwa imemzidi urefu, ameikunja chini. Alipotoka kunisalimia niliona ukosi. Jina langu lilikuwa limepigwa mstari, lake liko chini yake.

Mzee akaniambia nijaribu mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata alikuwa amestaafu na karakana imefungwa. Sijui kama bado yuko hai.

Sasa umejua kwa nini mashine ya kukoboa ikiharibika tunamwita fundi kutoka Mbeya, na mimi nasimama pembeni namshikia tochi. Umenitania sana kwa hilo, wewe na mama yako, na mna haki, kwa sababu naishika tochi kama mtu anayetaka kuimeza injini. Silii kwa hayo. Ningekwenda Iringa pengine mama yako angechukuliwa na yule mwalimu mwenye baiskeli, na wewe ungekuwa mtoto wa mtu mwingine mwenye masikio makubwa. Lakini nimebeba ule mwavuli wa pili moyoni miaka yote hii. Mtu mzima, na kazi zake, amesimama mvuani na mwavuli wa mtoto asiyemjua.

Niliporudi Madibira niliendelea kuandikia watu barua, ila ule mstari niliuacha. Wa kwanza kuja alikuwa Bibi Sekela wa mfereji wa juu, anamwandikia mwanawe aliyehamia Mbeya mjini na hajarudi misimu miwili. Tukafika mwisho, akasema, "Weka basi kale ka Kiingereza kako." Nikamuuliza, "Bibi, kweli unamngoja?" Akanitazama kama nimemtukana. Nikasema basi niambie unamngoja vipi, nami nitaandika hivyo. Akafikiri. Akasema, "Mwambie jogoo mweupe sijamuuza. Mwambie blanketi lake nimelifua mara mbili na hakuna aliyelilalia. Mwambie mbwa amekufa lakini mtoto wake amefanana naye, atamjua tu." Nikaandika yote, nikatia sahihi ya dole gumba lake. Kijana alikuja kabla mwezi haujaisha. Aliingia uwanjani akaita mbwa.

Tangu hapo ndivyo nilivyoandika barua za watu wote, mpaka simu zilipokuja zikanipokonya kazi. Kwa kweli huku kwetu hatuna mazoea ya kumwambia mtu tunakungoja kwa hamu. Tunaona aibu. Mtu anafika tu anakuta uwanja umefagiwa, anakuta nyama, na kama ana akili anaelewa. Lakini aliye mbali haoni uwanja. Huyo inabidi aambiwe, na akiambiwa inabidi aamini, na hilo la kuamini ndilo gumu kwa sisi wa ukoo huu. Wewe umelirithi, nimekuona. Mwalimu wa sayansi alipokuita umsaidie na darubini ulimuuliza kama amekosea jina. Ukifika Iringa, mtu akikwambia karibu tukae, kaa. Wakikuita kwenye meza yenye mashine iliyofunguliwa, usisimame nyuma ukingoja kuitwa mara ya pili. Nafasi yako ina kitanda tayari, cha chini, kisicholia.

Sasa la Jumapili.

Ulikuwa unachezea wali kwenye sahani, ukauliza bila kuinua uso, "Hivi baba, nisipoweza kule? Nikishindwa nikarudi?" Na mimi, kwa furaha za kijinga, kwa kutaka kukutia nguvu, na kwa sababu wajomba zako walikuwepo nikataka kuonekana baba wa chuma, nikasema, "Hapa usirudi bila cheti." Wajomba wakacheka. Wewe ukacheka pia, kidogo, ukaondoa sahani. Mama yako alinitazama jinsi anavyotazama mchele wenye mawe. Tangu hapo hujauliza kitu chochote kuhusu kurudi. Hujauliza chuo kitafunga lini, hujasema Krismasi utakuja na nani, hata ulipokuwa unapanga nguo ulizikusanya zote, mpaka lile gauni lililokubana. Niliona. Mtu anayetegemea kurudi huacha kitu.

Nilikaa nikahesabu, nikaona nimekufanyia jambo baya kuliko lile nililojifanyia mwenyewe. Mzee Kalinga alimwambia kijana asiyemjua kwamba anamngoja, kijana hakuamini. Mimi nimemwambia mtoto wangu mwenyewe kwamba simngoji, na yeye ameamini mara moja.

Nalirudisha lile neno, Atupele. Nimelirudisha mbele ya mama yako asubuhi, na wajomba zako nitawapigia simu wote wawili, wacheke tena wakitaka. Nataka ujifunze mpaka ufungue mashine za hospitali ukiwa umefumba macho. Nataka sana, nimeshajisifu kwa watu ambao hata hawakuniuliza. Lakini ukiamka siku moja kule ukaona haiwezekani, au umechoka, au umeumwa, au umekosana na dunia, panda basi. Usisubiri tukuandikie kwamba unaruhusiwa. Njoo na cheti, njoo bila cheti, njoo katikati ya juma. Mimi nitafungua mlango na mama yako ataweka maji ya kuoga motoni, na maswali yatasubiri mpaka ule.

Na kwa kuwa nimesema aliye mbali haoni uwanja, nakuandikia kama nilivyomwandikia Bibi Sekela. Mama yako alitaka kuweka magunia kwenye chumba chako. Nimekataa, tumebishana, nimeshinda, jambo ambalo unajua halitokei kila mwaka. Kitanda chako kitabaki palepale chini ya dirisha. Lile gauni lililokubana nimelitoa begini ulipokwenda kuoga, limetundikwa nyuma ya mlango wako, kwa hiyo una kitu cha kukurudisha, usinigombeze. Ukutani karibu na mashine nimepigilia msumari mpya. Hauna kitu bado. Ni wako, utatundika ovaroli yako siku utakapokuja kunitengenezea hii mashine, nami nitakushikia tochi.

Na mwavuli nimenunua wa pili. Mama yako ameuona akaniuliza wa nani, mvua zenyewe ndo hizi za kuhesabu matone. Sikumjibu, nilikuwa bado sijakuandikia. Chuo kikifunga, au siku yoyote utakayopiga simu kusema uko njiani, nitakuwa njia panda ya barabara kuu kabla ya basi la kwanza. Usipokuwemo nitangoja la pili. La tatu likiingia bila wewe sitasema labda anaumwa nikarudi nyumbani. Nitapanda hilohilo nikufuate.

Mvua imeanza, nawasikia mnakuja mnakimbia, mama yako anacheka. Nauficha mwavuli, naificha na barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, ile zipu isiyofunga. Nje nimeandika usiifungue mpaka basi lipite Makambako. Kuna mstari mmoja sijamwandikia mtu yeyote tangu siku ile niliposhuka kilima cha Iringa. Leo nauandika kwa mkono wangu, na kila neno lake ninalimaanisha.

I look forward to seeing you.

Baba yako,
Karani